SIMU IKIKATIKA NJIANI, NANI ALAUMIWE?

Katika makala haya twapenda kuzungumzia jambo ambalo kila askari aliyewahi kukaa katika ofisi ya zamu amekutana nalo, ingawa ni wachache walioelezwa chanzo chake. Jambo lenyewe ni simu inayopotea wakati wa kuhamishwa kutoka mtambo wa simu wa ofisi moja kwenda mtambo wa ofisi nyingine.

Tuchukue mfano. Usiku wa manane raia mmoja anapiga simu katika kituo cha polisi. Ng'ombe wake wametolewa zizini, na nyayo bado mbichi. Askari wa zamu anamsikiliza, anatambua kwamba shauri hilo lahitaji kikosi kilichoko kambini, basi anamwambia, "Subiri kidogo, mzee, nakuunganisha na afande wa zamu kambini." Anabonyeza kitufe, anapiga nambari ya kambi, kisha anarudisha mkono wa simu mahali pake. Kituoni waamini kwamba kambi imekwisha kupata habari. Kambini hakuna aliyesikia kengele. Na yule mzee, huko aliko, asikia ukimya, halafu mlio wa laini iliyokatika. Huenda akapiga tena. Huenda pesa za simu zimemwishia, au amekata tamaa na kutoka gizani peke yake kuwafuata wezi.

Kunapopambazuka lawama huanza. Kambi husema kituo hakikupiga, kituo husema kambi haikupokea, na wote wawili humgeukia kijana wa swichibodi. Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba haliachi alama. Katika daftari la kituo imeandikwa kuwa habari ilipelekwa kambini saa nane na dakika kumi za usiku. Katika daftari la kambi haimo kabisa. Wala hakuna aliyesema uongo. Sisi hatuna nia ya kuwatetea wazembe, kwani wapo. Lakini twasema kwamba kabla ya kumwita mtu mbele ya mkubwa wake yafaa kwanza kuuhoji mtambo, nao mtambo ukihojiwa kwa utaratibu hujibu.

Shaka juu ya mtu wa swichibodi ni ya zamani kama swichibodi yenyewe. Katika mji wa Kansas City, Marekani, alikuwako mfanyabiashara wa mazishi kwa jina Almon Strowger, aliyewahi kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Inasimuliwa kwamba aliona wateja wanapungua, akashuku kuwa mke wa mshindani wake, aliyekuwa akifanya kazi swichibodi, alikuwa akizipeleka simu za wafiwa kwa mumewe. Huenda kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini matokeo yake yamo katika kumbukumbu: tarehe 10 Machi 1891 Strowger alipewa hataza ya mtambo unaounganisha simu wenyewe bila mkono wa mtu, na tarehe 3 Novemba 1892 mtambo wa kwanza wa aina hiyo ulianza kuwahudumia watu katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Tangu hapo mpigaji aliweza kumchagua mwenyewe amtakaye. Hata hivyo kazi ya kuhamisha simu haikwisha, maana raia hajui nambari za ndani za kambi, wala hapaswi kuzijua. Ni lazima awepo mtu wa katikati wa kumpokea na kumpeleka mbele, na hapo ndipo mashaka yanapozaliwa.

Kutupa na kukabidhi

Simu iliyohamishwa ina vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kutoka kwa mpigaji hadi kwa askari aliyeipokea. Cha pili ni kutoka kwa askari huyo hadi kwa yule anayepelekewa. Kuhamisha ni kuvifunga vipande hivyo pamoja kwa fundo, kisha askari wa katikati ajitoe bila fundo kufunguka.

Mtambo ukiwa mmoja kazi hiyo ni nyepesi, kwa kuwa ubongo ni mmoja nao waviona vipande vyote viwili. Mitambo ikiwa miwili, mmoja kituoni na mmoja kambini, ikaunganishwa kwa waya, kwa redio au kwa mtandao wa kompyuta, kila mmoja huona nusu tu ya habari. Wa kituoni wamjua aliyepiga. Wa kambini wamjua anayeitwa. Wakati wa kufunga fundo hapana budi mitambo hiyo ielewane, nayo aghalabu imetengenezwa na makampuni mbalimbali, katika miaka mbalimbali, na kufungwa na mafundi ambao hawajapata kuonana.

Kuna namna mbili za kuhamisha. Ya kwanza ni kutupa: askari hupiga nambari ya pili na kujitoa papo hapo, asijue kama huko mbele kuna mtu. Ya pili ni kukabidhi: humweka mpigaji akingoja, humpata kwanza yule wa pili, humweleza habari, husikia neno lake, ndipo humuunganisha na kujitoa. Askari hahitaji kufundishwa tofauti ya mambo haya. Mlinzi haondoki lindoni kwa sababu saa yake imefika. Huondoka akisha kumwona wa kumpokea, wakapeana neno la siri na habari za usiku. Kwa hiyo simu yenye uzito haitupwi, hukabidhiwa. Ikiwa kiungo kina hitilafu, anayekabidhi ataigundua wakati mpigaji bado yumo mkononi mwake, naye ataweza kuandika habari na kuipeleka kwa njia nyingine.

Ni kweli kwamba mtambo uliopangwa vizuri humrudishia simu aliyeitupa, endapo huko ilikokwenda haikupokelewa kwa muda uliowekwa. Lakini huduma hiyo, ambayo ndani ya mtambo mmoja hufanya kazi bila taabu, mara nyingi hufa ikivuka kiungo, kwa sababu mtambo wa kwanza umekwisha kunawa mikono.

Ilikatika lini?

Fundi mzuri akiitwa haanzi kufungua masanduku. Huuliza swali moja: simu ilikatika lini? Kama vile daktari wa polisi anavyotaka kujua saa ya kifo kabla ya kutaja sababu yake, ndivyo ilivyo hapa. Kila kosa lina saa yake.

Ikiwa simu hufa mara ile ile askari anapobonyeza kitufe cha kuhamishia, kabla hata hajapiga nambari ya pili, basi kiungo hakina hatia. Tazameni simu yenyewe iliyo mezani. Katika simu za waya za mtindo wa kawaida, kile kitufe chenye herufi R, au kilichoandikwa FLASH, hakifanyi jambo kubwa: hukata laini kwa kitambo kidogo sana na kuirudisha. Mtambo hupima urefu wa kitambo hicho ili kujua kama mtu anaomba kuhamisha au amekata simu. Vifaa vya mtindo wa Kiingereza hukata kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Vya mtindo wa Kimarekani hukata kwa nusu sekunde au zaidi. Mpe askari simu ya Kimarekani juu ya mtambo unaotarajia desturi ya Kiingereza, naye kila akiomba kuhamisha, mtambo utadhani amemaliza mazungumzo. Kinyume chake, simu ya Kiingereza juu ya mtambo wa Kimarekani itabonyezwa na mtambo hautashtuka. Siku hizi simu hununuliwa sokoni kwa bei na sura, na hakuna anayemwuliza mwenye duka juu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Dawa yake ni kuubadili muda huo katika simu au katika mtambo, na kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Ikiwa nambari ya pili imepigwa na jibu likawa mlio wa kukataliwa, au akapokea mtu asiyehusika, basi tatizo ni la nambari. Hapa twaomba kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye makosa mengi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme kituo kina ekstensheni kuanzia 200 hadi 299. Kambi nayo, iliyofungiwa mtambo wake miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuunganisha, ina ekstensheni 200 hadi 299 vile vile. Siku ya kuunganisha mafundi waliamua kwamba anayetaka upande wa pili atangulize tarakimu 8. Afande wa zamu kambini yuko 215, basi kituoni hupigiwa 8215. Sasa askari mgeni kituoni anaambiwa, "Mpeleke kwa 215." Anapiga 215, na simu yalia katika jiko la kituo chake mwenyewe, ambako saa nane za usiku hakuna mtu. Hapo mtambo haukukosa lolote. Ulitii amri kama ilivyotolewa.

Kosa hilo huweza kujificha hata zaidi. Kambini wanapoona nambari ya aliyewapigia kutoka kituoni, mtambo wao huenda ukaionyesha 231 badala ya 8231. Wakitaka kumrudishia simu hupiga kama walivyoona, nao humpata mtu wa kwao. Ponyo la kudumu ni kugawa nambari upya, kituo kikae katika mia mbili na kambi katika mia tatu, ili kila nambari iwe na mwenyewe mmoja tu. Ni kazi yenye kero, maana karatasi zote zilizobandikwa ukutani hazina budi kuandikwa upya, lakini kero hiyo ni ya juma moja.

Kuna kosa jingine la nambari ambalo huleta hasara kubwa kwa haraka. Mtambo wa kituo umeamriwa kwamba nambari yoyote usiyoijua iupelekee wa kambi. Wa kambi nao umeamriwa vivyo hivyo, ile usiyoijua iupelekee wa kituo. Mtu akikosea tarakimu moja, simu hiyo huanza kutupwa huku na huku kama mpira, na kila inapovuka hushika njia nyingine ya kiungo. Kiungo cha kidijitali cha aina ya E1 chaweza kubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja. Nambari moja iliyokosewa yaweza kuzijaza njia zote 30 kwa muda mfupi mno, na ofisi mbili zikabaki zimezibiana. Waliotunga itifaki ya SIP, inayotumiwa na mitambo ya siku hizi inayosemezana kwa mtandao, waliliona hilo. Waraka wao wa mwaka 2002 uliagiza kila ombi la simu libebe hesabu, kwa kawaida ikianzia 70, ambayo hupunguzwa moja katika kila mtambo linamopita, na ikifika sifuri ombi hufutwa. Hata hivyo kinga hiyo ni ya mwisho. Yafaa amri zenyewe ziandikwe sawasawa.

Mkalimani aliyeondoka

Sasa tufike kwenye hitilafu inayowashangaza watu kuliko zote. Askari amemkabidhi mpigaji kwa utaratibu kamili. Amezungumza na afande kambini, wakasikilizana vema. Amezungumza na raia, wakasikilizana vema. Amefunga fundo na kujitoa. Papo hapo raia na afande hawasikilizani tena, au mmoja amsikia mwenziwe ilhali mwenziwe hamsikii. Simu haikukatika, muda wahesabiwa, lakini ni kama watu wawili waliotenganishwa na kioo.

Fikirini mkutano ambao mzee mmoja anasema Kilugbara, wa pili anasema Kiganda, na kati yao amekaa mkalimani anayejua lugha zote mbili. Mazungumzo yaendelea vizuri. Kisha mkalimani anasimama na kusema, "Basi, wazee wangu, sasa mmekutana, zungumzeni," naye anakwenda zake. Mitambo hufanya hivyo hivyo. Sauti inaposafirishwa katika mtandao hufungwa kwa kanuni maalumu, ambayo mafundi huiita kodeki. Kodeki moja, G.711, hutumia biti 64,000 kwa sekunde. Nyingine, G.729, huibana sauti ile ile hadi biti 8,000, na hupendwa kwenye viungo vya mbali ambako njia ni nyembamba. Kituo kikizungumza na raia kwa ile ya kwanza na kambi kwa ile ya pili, mtambo wa kituo ndio mkalimani. Ukijitoa katikati na kuwaagiza wawili hao wasemezane moja kwa moja, hawana lugha ya pamoja.

Wakati mwingine lugha ipo, lakini barabara haipo. Mtambo wa kituo umesimama penye njia panda, mguu mmoja katika mtandao wa kituo na mguu mwingine katika ule wa kambi. Ukijitoa, kila upande hupewa anwani ya mwenziwe na kuambiwa utume sauti huko. Lakini anwani hiyo haifikiki kutoka upande wa pili, au kifaa cha kulinda mtandao, kilichowekwa langoni kwa sababu njema kabisa, hakina habari kwamba mgeni huyu ameruhusiwa. Ikiwa lango limefunguliwa kwa upande mmoja tu, mmoja husikia na mwingine hasikii.

Njia za kutibu ni mbili. Ya kwanza ni kuwapa wote lugha moja na barabara moja, yaani kodeki ile ile katika mitambo yote na njia iliyo wazi baina ya mitandao. Ya pili ni kuuamuru mtambo wa kituo usijitoe kabisa, bali ubaki katikati ukipitisha sauti hadi mazungumzo yaishe. Mafundi wengi hukimbilia hii ya pili kwa sababu ni rahisi, na kwa simu chache haina ubaya. Lakini ina gharama yake, nayo hulipwa siku ambayo hakuna anayeitarajia.

Gharama yenyewe ni hii. Simu iliyotoka kambini ikafika kituoni kwa kupitia kiungo, kisha kituo kikairudisha kwa mtu mwingine kambini, huwa imeshika njia mbili za kiungo: moja ya kwenda, moja ya kurudi. Watu wawili walio katika ua mmoja wa kambi, pengine wanaonana dirishani, sauti zao zasafiri hadi kituoni na kurejea. Kiungo chenye njia 4, kama vilivyo viungo vingi vidogo, hujazwa na simu mbili za namna hiyo. Hata kile cha njia 30 hujazwa na 15. Siku za kawaida hakuna anayeona jambo. Lakini likitokea tukio, ajali ya basi au mapigano mpakani, kila mtu hupiga, kila simu huhamishwa, na kiungo hujaa saa ile ile kinapohitajiwa. Baadaye fundi huja, hujaribu saa kumi alasiri, huona kila kitu chafanya kazi, huandika kwamba hakuna kosa, na kurudi kwao. Ikiwa kwenu husemwa kuwa simu huharibika siku za dharura tu, msifikiri ni mkosi; hesabuni njia.

Mitambo iliyo bora hujua kulikunjua fundo hilo: ikigundua kwamba ncha zote mbili ziko upande mmoja, huziunganisha huko huko na kuziachilia njia za kiungo. Lakini huduma hiyo yahitaji mitambo yote miwili iijue na iwe imewashwa pande zote mbili. Wamarekani walipojenga mtandao wa simu za jeshi lao ulioitwa AUTOVON, katika miaka ya 1960, walilikabili tatizo la njia kujaa kwa ukali zaidi. Baadhi ya simu zake zilikuwa na vitufe vinne vya ziada kando ya tarakimu, kila kimoja kikionyesha cheo cha simu inayopigwa. Simu ya cheo cha juu ilipokuta njia zimejaa, mtambo uliikata ya cheo cha chini ili kuipisha. Mtandao huo haupo tena, lakini twaona fikira yake ni ya kiaskari hasa.

Kuna simu inayohamishwa vizuri, watu wakasikilizana, kisha ikafa baada ya nusu dakika hivi, na kila mara ni muda ule ule. Ukipima kwa saa utaona ni sekunde 32. Muda huo ni alama ya kidole cha itifaki ya SIP: mtambo mmoja umesema, "Imepokelewa," ukangoja mwenziwe ajibu, "Nimesikia," na jibu halikufika. Mtambo husema tena na tena kwa sekunde 32, halafu huona kwamba unazungumza na hewa, hukata. Jibu hilo limepotelea katika anwani isiyo sahihi au katika lango lililofungwa. Simu inayokatika baada ya robo saa au nusu saa ni ndugu yake: mitambo hukubaliana kuulizana hali kila baada ya muda fulani, na mmoja asipojibu, mwingine humhesabu amekufa.

Kinyume cha hizo zote ni simu isiyokufa. Watu wamemaliza, wameagana, lakini laini yabaki imeshikwa hadi mtu azime mtambo. Hutokea zaidi kwenye laini za zamani za waya zisizopeleka ishara ya kukata. Laini mbili za namna hiyo zikifungwa pamoja, kila moja hungoja nyingine ianze kuondoka.

Kufuli lililowekwa makusudi

Si kila simu inayokataliwa ni hitilafu. Mitambo mingi imefungiwa kufuli inayozuia simu iliyotoka nje isihamishiwe laini nyingine ya kwenda nje. Sababu ni wizi. Katika miaka ya 1990 ilivuma huko Marekani hila ya mtu anayepiga simu ofisini, akajitambulisha kuwa fundi wa kampuni ya simu anayejaribu laini, kisha akamwomba aliyepokea abonyeze 9, 0 na alama ya reli. Katika mitambo fulani amri hiyo ilimpa mgeni laini ya nje, naye alipiga popote alipotaka kwa gharama ya ofisi. Kwa askari hasara ya pesa ni ndogo kuliko nyingine: mhalifu anayepiga kwa kupitia mtambo wa polisi huonekana, huko anakopiga, kana kwamba ni polisi.

Kufuli hiyo huwakamata hata wasio na hatia. Afande ametoka ofisini na ameelekeza simu yake imfuate katika simu ya mkononi. Wenzake wa ndani wakimpigia wampata. Kituo kikimhamishia raia, simu yakatika, kwa kuwa sasa ni simu ya kutoka nje inayotaka kwenda nje. Watu husema mtambo una wazimu. Hauna. Kinachotakiwa ni ruhusa ndogo, kwa ekstensheni zinazojulikana na kwa nambari zinazojulikana, iliyotiwa sahihi na mkubwa anayehusika. Anayemwambia fundi, "Fungua zote," anafungua lango la kambi ili kumpitisha mtu mmoja.

Twaongeza jambo moja kwa ndugu zetu wa polisi hasa. Simu ikihamishwa kwa kuvuka kiungo, mara nyingi nambari ya mpigaji hubaki nyuma. Afande kambini huona nambari ya kituo. Kwa hiyo, kabla hata ya kumwambia raia asubiri, andikeni nambari yake na mahali alipo. Hapa kwetu Uganda hata anayepiga 999 au 112 aweza kuwa amepiga kutoka simu ya jirani iliyokaribia kuzimika.

Jinsi ya kujaribu

Jaribio linahitaji watu watatu, simu tatu na saa moja. Mmoja awe nje na simu ya mkononi, wa pili kituoni, wa tatu kambini. Kwanza kila kipande kijaribiwe peke yake: wa nje ampigie wa kituoni, kisha wa kituoni ampigie wa kambini, kisha wa kambini ampigie wa kituoni. Ikiwa kipande kimoja hakifanyi kazi peke yake, hakuna haja ya kuzungumzia kuhamisha. Vipande vikiwa vizima, wa kituoni amkabidhi wa nje kwa wa kambini, nao wazungumze si chini ya dakika moja, ili ile hitilafu ya sekunde 32 ipate nafasi ya kujitokeza. Baada ya hapo simu itupwe badala ya kukabidhiwa. Tofauti hiyo ina maana kwa fundi, kwani mitambo hutumia amri tofauti kwa kila namna, na moja yaweza kufanya kazi ilhali nyingine imekufa. Kisha kila kitu kigeuzwe, kambi ihamishie kituo.

Mafundi wa pande zote mbili wawepo siku hiyo hiyo, kila mmoja mbele ya mtambo wake, wakisemezana kwa redio au kwa simu za mkononi. Tumeona mara nyingi fundi wa upande mmoja akija Jumatatu na wa upande wa pili Alhamisi, kila mmoja akathibitisha kuwa mtambo wake ni mzima, na wote wawili wakasema kweli, maana kosa lilikuwa katika makubaliano ya mitambo yenyewe. Kabla ya kuanza walinganishe saa za mitambo. Kila mtambo huandika kumbukumbu ya simu zake, na saa zikitofautiana hata dakika tatu, haiwezekani kuiweka simu ya daftari hili kando ya simu ya daftari lile.

Askari wa zamu naye ana sehemu yake. Simu ikipotea aandike saa kamili, nambari ya mpigaji, nambari aliyoipiga tarakimu kwa tarakimu pamoja na ile 8 ya mwanzo ikiwa ipo, kama aliitupa au aliikabidhi, na ilikatika baada ya sekunde ngapi. Maneno "simu mbovu" hayamsaidii fundi. Na hitilafu ikisha kutengenezwa, jaribio la mwisho lifanywe saa ambayo ofisi zote mbili zina shughuli na njia za kiungo zina watu, si Jumapili alasiri wakati kambi imetulia.